Skrubu Haina Makosa, Bisibisi Yako Ndiyo Yenye Makosa!

Leo tuweke kodi kando kidogo, tuongee kuhusu chuma. Kuna usemi unaonikera sana: "Hii skrubu imekataa." Jamani, skrubu haikatai. Haina akili wala kiburi. Kichwa kikishalika mpaka bisibisi inazunguka bure, basi kuna mtu aliyekiharibu, na mara nyingi alikuwa na bisibisi isiyo saizi yake pamoja na imani kwamba dawa ni nguvu zaidi.

Sisi waandishi wa programu tukiona ujumbe wa kosa hatubonyezi Enter mara ishirini tukitumaini kosa litachoka. (Sawa, wengine hubonyeza.) Tunasimama, tunasoma, tunatafuta chanzo. Mbona tukishika bisibisi akili tunaiacha mezani?

Chanzo ni hiki: ile tunayoita "nyota" si aina moja. Kuna Phillips, iliyopata hataza Marekani mwaka 1936. Kuta za tundu lake zimeinama, kwa hivyo ukizungusha bila kukandamiza, bisibisi inapanda na kutoka nje huku ikila kichwa. Kuna Pozidriv, yenye vistari vinne vyembamba kati ya mikono ya msalaba. Hiyo utaikuta kwenye makabati na bawaba kutoka Ulaya. Halafu kuna JIS ya Wajapani, kwenye kamera na pikipiki zao za zamani, ambayo mara nyingi ina kitone kidogo kichwani. Kwa macho zinafanana, lakini bisibisi ya moja haikai vizuri kwa nyingine.

Bado kuna saizi. Skrubu nyingi za laptopu zinataka PH0, chache PH1. Ile bisibisi moja ya nyumbani kwa kawaida ni PH2, haiingii kabisa. Basi mtu anachukua kibisibisi cha saa, kinaelea katikati ya tundu na kulisaga. Kisha analaumu skrubu!

Haya, imeshalika. Fuata mpangilio huu, na usiruke hatua:

1. Acha. Bisibisi ikiteleza mara moja, usijaribu tena na hiyo hiyo.

2. Toa uchafu kwenye tundu kwa sindano. Weka ncha ya saizi sahihi yenye kingo kali, iwe wima, ukandamize kwa nguvu kuliko unavyozungusha.

3. Skrubu nyingi za laptopu hupakwa gundi kwenye nyuzi, mara nyingi ya rangi ya bluu. Gusisha ncha ya chuma cha kulehemu kichwani kwa sekunde chache, gundi ilainike, kisha jaribu tena. Usifanye hivyo karibu na betri wala plastiki.

4. Kichwa kikiwa kimejitokeza, kishike ubavuni kwa koleo na uzungushe.

5. Ikishindikana, kata mfereji juu ya kichwa na utumie bisibisi bapa. Funika kila kitu kwa selotepu kwanza, maana chembe za chuma zikiangukia mazabodi zinaweza kuleta shoti.

6. Drili ni ya mwisho kabisa. Toboa kichwa kitoke, inua kifuniko, kisha shika kinachobaki kwa koleo.

Sasa kuhusu zile mbinu maarufu. Mpira wa kufungia pesa? Kwa skrubu kubwa ya mbao unaweza kusaidia. Kwa skrubu ndogo ya laptopu, mpira unachukua nafasi ile ile ambayo bisibisi iliihitaji. Supa gluu? Ikivuja kwenye nyuzi, umeifunga skrubu mwenyewe. Na ile ncha ya kung'olea inayochimba kinyume ni chuma kigumu sana. Ikikatikia ndani, drili ya kawaida haitaitoboa. Ulikuwa na tatizo moja, sasa una mawili.

Najua kuna watakaosema wabaya ni watengenezaji. Kuna ukweli. Mwaka 2009 Apple ilianza kutumia skrubu ya pembe tano kwenye betri za MacBook Pro, kisha ikaipeleka kwenye iPhone 4. Lengo lilionekana wazi: usifungue. Lakini ukiisukumia bisibisi bapa hujampinga mtengenezaji, umemalizia kazi yake. Kinachompinga ni ncha sahihi.

Na hili si jambo la mapambo. Wengi wetu tunatumia laptopu za mtumba na tunataka zidumu miaka. Skrubu moja iliyolika inakuzuia kusafisha feni, kuongeza RAM au kutoa betri iliyovimba. Na betri iliyovimba haitaki mtu anayelazimisha kifuniko kwa kisu.

Kwa hivyo ombi langu kwa mafundi, na kwa wewe unayejifanyia nyumbani: skrubu iliyolika isirudi ndani. Itupe, weka nyingine ya unene na urefu ule ule, kwani ndefu kupita kiasi inaweza kutoboa kilicho chini yake. Fundi anayerudisha skrubu mbovu anamwachia mwenzake bomu, kama programa anayeficha kosa badala ya kulirekebisha.

Mwenye hoja tofauti ailete. Ila aje na bisibisi ya saizi yake.