Foklifti ikimgonga kibarua ghalani Kenya, nani hulipa?

Foklifti ya kawaida, yenye uwezo wa kunyanyua tani mbili na nusu, yenyewe huwa na uzito wa takribani tani nne. Hugeuka kwa magurudumu ya nyuma, hivyo inapokata kona mkia wake hufagia upande ambao apitaye hautazamii. Shehena ikiwa ndefu, dereva haoni mbele. Katika maghala ya Mombasa na Nairobi, mashine hiyo hupita njia moja na vibarua wenye magunia mabegani.

Kwenye maandishi, Kenya haina upungufu mkubwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inadai mafunzo kwa waendeshaji na ukaguzi wa mitambo ya kunyanyulia mizigo. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, ya mwaka huohuo, inamlazimu mwajiri kukata bima. Fidia ya ulemavu wa kudumu hukokotolewa kwa mapato ya miezi 96, na majeruhi halazimiki kuthibitisha uzembe wa mtu.

Utata uko katika mlango wa kubisha. Tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu, ikihitimisha mvutano wa zaidi ya muongo mmoja kati ya Chama cha Mawakili na Serikali, iliamua kuwa madai yaanzie kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Mahakama ya kazi hufikiwa baadaye, kwa rufaa.

Kwa mwenye mkataba njia hiyo ni nafuu: mwajiri hujaza fomu ya ajali, daktari hupima kiwango cha ulemavu, na madai yakishawasilishwa kwa kampuni ya bima hupaswa kulipwa ndani ya siku 90. Kibarua hukwama kwenye fomu. Jina lake huenda limo katika daftari la nyapara tu, na ujira wa jioni pengine hulipwa na wakala. Mwenye ghala akimkana, miezi 12 ya kuwasilisha madai haisimami kumsubiri.

Tanzania imechagua mfumo tofauti, ambapo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hukusanya michango ya waajiri kabla ya ajali. Hata hivyo, uthibitisho wa ajira unahitajika huko pia.

Sheria ya Ajira ya Kenya humpa hadhi ya mkataba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja. Mwajiri anayekijua kifungu hicho humpumzisha siku mbili tatu kabla mwezi haujatimia.