SHULE ZETU SI VIWANJA VYA MATAJIRI



Kuna watu wasemao shule kongwe zibomolewe, zipishe majumba ya kisasa. Sisi tunakataa.

Shule ya Allidina Visram, Mombasa, ilifunguliwa mwaka 1923 kwa ukumbusho wa mfanyabiashara aliyefungua maduka kando ya reli yetu. Hata leo watoto wanasoma humo.

Tusidanganywe. Wanachokitaka si kuta, ni kiwanja. Mwaka 2015, watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walidai uwanja wao wa michezo ulionyakuliwa, wakatupiwa mabomu ya machozi.

Behewa likichakaa hupelekwa karakana, halitupwi. Paa la shule likivuja, lizibwe! Sheria ya Urithi ya mwaka 2006 inaruhusu majengo ya kale yalindwe. Kila tawi liidai serikali iyaandikishe sasa, kabla tingatinga halijafika.