Gari la Matawi: Tuhesabu Kabla ya Kununua



Mwezi huu tunapenda kuzungumza nawe ambaye familia yako inaishi kwa kazi ya kukata na kupogoa miti. Wengi hudhani kazi hiyo ni msumeno, panga na ngazi tu. Sisi tulio ndani yake hapa Moshi tunajua kuwa kukata ni nusu ya kazi. Mwenye nyumba halipi kwa moyo mweupe mpaka aone uwanja wake umebaki safi. Ndiyo maana siku moja baba hurudi jioni na kusema, "Mama, nimeona gari."

Kwetu ilikuwa hivyo. Tulichukua fedha tulizoweka kwa ajili ya ada, tukanunua pikapu kuukuu. Wiki ya tatu tukaangusha mwembe mkubwa. Gari lilikuwa na nafasi, basi tukapanga magogo mpaka juu. Mteremkoni springi zikakatika. Gari likalala gereji miezi miwili, na binti yetu akarudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Kosa lilikuwa letu: tulipima nafasi, hatukupima uzito.

Tangu siku hiyo tumejifunza jambo moja. Matawi hulijaza gari kabla ya kulielemea, bali magogo hulielemea kabla ya kulijaza. Gogo bichi lenye kipenyo cha sentimita 40 na urefu wa mita 1 laweza kufika kilo 100 au zaidi, kwa sababu mti mbichi umejaa maji. Basi, kabla ya kununua, someni kadi ya gari. Toeni uzito wa gari tupu katika uzito wote linaoruhusiwa kuwa nao. Kinachobaki ndicho mzigo wenu, wakiwemo dereva na vijana wa kazi. Matawi nayo yakatwe kwenye panda na kulazwa upande mmoja. Yakirushwa ovyo mtabeba hewa, na hewa hiyo mtailipia mafuta.

Je, tuanze na chombo gani? Kwanza, turubali imara. Litandikeni karibu na mti, rundikeni matawi juu yake, kisha livuteni hadi getini. Siku ya safari litafunika mzigo usimwagike barabarani. Pili, toroli la kutolea vipande vya magogo. Tatu, usafiri wa kukodi. Toyo ya magurudumu matatu hupita vichochoroni na hutosha kwa matawi ya nyumba moja. Kirikuu hufaa pale safari ni ndefu kidogo. Siku ya mti mkubwa, kodini Canter kwa siku hiyo tu.

Hapo ndipo daftari la mama linapohitajika. Kwa miezi mitatu andika kila safari: umebeba nini, umelipa kiasi gani. Tuseme mna kazi 8 kwa mwezi, kila kazi safari 2, na kila safari shilingi 30,000. Hiyo ni shilingi 480,000. Sasa weka kando yake rejesho la mkopo, mafuta, bima, matairi na fundi. Ikiwa gari lenu litakula zaidi ya hapo, endeleeni kukodi bila kuona aibu. Ikiwa kukodi ndiko kunakokula zaidi, na miezi yote mitatu imeonyesha hivyo, nunueni.

Mambo mawili ya mwisho. Kabla ya kukata mti na kusafirisha magogo, ulizeni kibali kwa ofisa misitu wa wilaya. Na kama mkopo unataka nyumba iwe dhamana, kumbuka kuwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka ridhaa ya mke au mume kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani. Sahihi yako si ya kumridhisha mtu. Omba daftari lifunguliwe mezani, msome pamoja, ndipo utie sahihi.

Sisi leo tunayo toyo moja, iliyonunuliwa kwa fedha taslimu baada ya mwaka mzima wa kukodi. Haina fahari ya pikapu. Lakini tangu tuwe nayo, hakuna mtoto wetu aliyerudishwa nyumbani.