Hasara Isiyo na Kesi
Neno la Kiingereza injury wengi wetu tunalijua kutoka uwanjani: mchezaji kaumia goti, katolewa. Lakini asili yake ni Kilatini, iniuria, yaani jambo lililo kinyume cha haki, na majaji wa Uingereza hawakuisahau maana hiyo. Mwaka 1410 walimu wawili wa shule ya Gloucester walimshtaki mwenzao aliyefungua shule mjini humo. Karo waliyokuwa wakitoza, peni 40 kwa robo mwaka, ikashuka hadi peni 12. Hasara ilikuwa wazi, ila mahakama ikawaambia hawana madai, kwa kuwa ushindani halali haumvunjii mtu haki yake. (Wazazi, nadhani, walifurahi.) Kinyume chake kipo pia: aliyeingia shambani kwako bila ruhusa, hata asipong'oa mhogo mmoja, keshakukosea kisheria. Kenya na Tanzania zimerithi mkondo huo huo wa sheria. Kwa hiyo, ndugu msomaji, duka jipya mtaani likikuchukulia wateja, kabla ya kumlipa wakili jiulize ni haki yako ipi iliyovunjwa.