Askari Aliyechota Maji



Mwezi wa Juni mwaka 2022, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alipofika Kinshasa, alimvika nishani Kaporali Albert Kunyuku, mzee wa miaka 100, aliyetajwa siku hizo kuwa wa mwisho kati ya Wakongo waliotumika katika Vita Kuu ya Pili. Tulifurahi, na papo hapo tuliona haya. Tulimkumbuka mzee mwingine, wa parokia yetu, ambaye sisi wenyewe tulimsimulia vibaya.

Alipofariki tulikuwa wanafunzi wa ualimu, na wazee walituagiza tuandike historia ya maisha yake, isomwe kwenye matanga. Tuliandika kwa bidii. Tulieleza jinsi Force Publique ilivyovuka Sudani kwenda Abisinia kupigana na Waitalia, jinsi Asosa na Gambela zilivyotwaliwa mwaka 1941, na jinsi Jenerali Gazzera alivyosalimu amri kule Saio, tarehe 3 Julai mwaka uo huo. Hayo ni ya kweli, na kijana wa Kongo asiyeyajua amenyimwa sehemu ya urithi wake. Wala haikuwa bunduki peke yake: Kongo ilipeleka hospitali ya vitani mpaka Burma, na watu wetu wakahudumia majeruhi wa mataifa mengine.

Tulipomaliza kusoma, watu walipiga makofi. Ndipo binti yake wa kwanza akasimama, akasema pasipo hasira: «Wadogo zangu, mmesoma vizuri. Lakini huyo ni askari. Baba yangu hamjamsoma.»

Akasimulia. Mama yao alipopooza, mzee alichota maji mwenyewe miaka tisa, bidoni begani, akipita mbele ya wanaume waliomcheka kwa kufanya kazi ya wanawake. Alimwosha mkewe, alimlisha, alimsuka nywele (vibaya sana, wajukuu hawakuweza kujizuia). Nishani yake watoto waliichezea hata ikapotea, hakuwafokea.

Sisi tuliipa miaka sita ya uaskari kurasa mbili. Miaka arobaini ya ndoa tuliipa mstari mmoja: «ameacha watoto saba».

Leo, hapa mashariki, kijana huambiwa na wenye silaha kwamba pasipo bunduki yeye si mwanaume. Tunaona kwamba uwongo huo hupata nguvu hata katika matanga yetu, tunapomsifu marehemu kwa vita alivyopigana na kunyamaza juu ya maji aliyobeba. Wengine watatujibu kwamba anayehatarisha uhai wake kwa ajili ya nchi anastahili heshima. Anastahili, tena isiyo ya makofi tu. Lakini heshima hiyo haitulazimishi kumkata mtu vipande, tukazika sare na kuwaachia binti zake yaliyobaki. Kundi lenu likiagizwa kuandika maisha ya mzee, waendeeni kwanza waliokula naye na kuuguzwa naye. Vitabu vya historia vitawangojea.

Nasi tulikuwa na nafasi. Miezi michache kabla hajafa tulimtembelea tukiwa na daftari, tukamwuliza habari za Saio. Alijibu kwamba njaa ilikuwa kali, akanyamaza, akitazama mlango wa chumba alimolala mkewe. Habari za mkewe hatukumwuliza.