Njia za Bodaboda Nazo ni Barabara

Ramani ya nchi hueleza pia ni nani anayehesabiwa. Fungua ramani ya simu kuelekea Ngaka, wilayani Mbinga, uitafute njia ya malori ya makaa ya mawe. Kisha zitafute njia za pikipiki zinazokatiza milima ya Umatengo na kuteremka hadi vijiji vya Ziwa Nyasa. Nyingi ama hazimo, ama zimechorwa bila kueleza zinapitika lini. Huko ndiko bodaboda humpitisha mama mwenye uchungu.

Huwa naambiwa kikwazo ni mtandao. Nakataa. GPS hupokea mawimbi ya setilaiti bila intaneti, na ramani huweza kuhifadhiwa simuni kabla ya safari. Wala ujuzi haukosekani: Ramani Huria, iliyoanza 2015, iliwashirikisha wanafunzi na wakazi kuchora maeneo ya mafuriko Dar es Salaam, na sensa ya 2022 iliendeshwa kwa vishikwambi. Kinachokosekana ni uamuzi.

Setilaiti hukuonyesha ulipo. Haikuambii kwamba mteremko ulio mbele hauendeki mvua ikinyesha, au kwamba daraja la magogo limesombwa. Dereva wa bodaboda anajua. Halmashauri za Mbinga na Nyasa zimlipe kwa ujuzi huo, kama mshauri mwelekezi anavyolipwa, na ramani iwe wazi kwa zahanati na kwa wananchi wote.

Serikali inayojua makaa yamelala wapi chini ya ardhi haina udhuru wa kutojua raia wake wanapita wapi juu yake.