Tusingoje Ndege Ianguke Ndipo Tuseme Asante



Wengi wetu tunaikumbuka asubuhi ya Dominika, tarehe 6 Novemba 2022. Ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki dunia na 24 wakanusurika. Wavuvi ndio waliotangulia kufika kuwaokoa, wakiwa na mitumbwi yao. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, alitajwa mbele ya taifa zima, akapewa shilingi milioni 1, na Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza apewe ajira katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Shukrani ile ilikuwa haki yake. Tukiitazama vizuri, tunaona ilikuwa na sehemu tatu: neno lililosemwa hadharani kwa jina la mtu, kitu cha mkononi, na nafasi ya kusonga mbele katika maisha. Hata hivyo, sisi tunaoishi Kitendaguro tunabakiwa na swali: je, ni lazima ndege ianguke ndipo mtu aliyefanya kazi vema aambiwe asante?

Tuangalie majumbani mwetu. Dada wa kazi huamka kabla yetu, huchota maji, huwatayarisha watoto kwenda shule, hupika, na usiku hulala wa mwisho. Sauti yetu huisikia siku chumvi ilipozidi. Siku mia ambazo chakula kilikolea, tunanyamaza. Mlinzi tunamkumbuka asubuhi ile tulipoibiwa. Kibarua aliyepalilia migomba na kuchuma kahawa yetu huhesabiwa fedha zake bila hata kuulizwa hali. Nasi mapadre tusijitoe katika hesabu hiyo. Mara ngapi tumeinuka mezani bila kumwambia mpishi lolote? Na katekista aliyewafundisha wakomunio mwaka mzima, je, hatumwiti pale tu tunapotaka orodha ya majina?

Wapo wanaojitetea wakisema kwamba mshahara wanalipa, hivyo asante ni ya nini tena. Wengine hutaja Injili ya Luka, sura ya 17, ambamo Bwana wetu anasimulia juu ya mtumishi asiyeshukuriwa kwa kutimiza aliyoagizwa. Lakini mfano ule ulitolewa kwa mitume, ili mtumishi asijivune mbele ya Mungu. Haukutolewa ili mwajiri apate kisingizio cha kuwa mchoyo wa maneno. Yesu huyo huyo, katika Mathayo sura ya 25, anatuonyesha bwana aliyerudi safarini akiwasifu watumishi wake waaminifu, mmoja baada ya mwingine, na kuwakabidhi mambo makubwa zaidi. Naye Mtume Paulo, anapofunga Waraka wake kwa Warumi, anawataja kwa majina waliofanya kazi pamoja naye. Hata Tertio, aliyeuandika waraka ule kwa mkono wake, anapata nafasi ya kutoa salamu zake mwenyewe.

Tujihadhari pia na asante tupu. Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba ujira wa haki ni wajibu wa mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inatambua likizo ya mwaka yenye malipo, siku zisizopungua 28. Kumsifu dada wa kazi mbele ya wageni huku mshahara wake wa miezi mitatu tumeukalia ni kumdhihaki. Anayedaiwa na alipe kwanza. Shukrani itapata mahali pa kusimama.

Kila Mei Mosi, siku ambayo Papa Pius XII aliiweka chini ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi mwaka 1955, ofisi nyingi nchini humtangaza mfanyakazi hodari na kumpa zawadi. Ni desturi njema. Lakini jikoni na shambani Mei Mosi haifiki, nasi ndio tunaopaswa kuifikisha.

Basi, wiki hii tufanye jambo moja. Kila mwenye kumwajiri mtu, amwite kwa jina lake na kumtajia kazi mahususi aliyoifanya vema. Kama kuna deni, alilipe. Kisha amwulize angependa kujifunza nini, awe ni wa cherehani au wa kurudi darasani, na aone anaweza kumsaidia vipi. Neno "kasinge" tunalitamka kwa urahisi sana mbele ya wageni. Tusiwanyime wale wanaotuwezesha kuwakaribisha wageni hao.

Mungu awabariki nyote, pamoja na wote wanaofanya kazi majumbani mwenu. Tukutane wiki ijayo.